Istanbul siku ya kwanza: Nilichokiona na nilichokisema



Mwishoni mwa mwezi wa pili mwaka huu mzee mmoja jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, alinisubiri nje ya msikiti baada ya sala ya Isha. Alinishika mkono, akanivuta pembeni, akasema: "Ustadh, nimekuja kukushukuru. Binti yangu alitaka kuomba ule udhamini wa serikali ya Uturuki akasome chuo kikuu kule. Fomu alikwisha anza kuijaza. Nikakumbuka maneno yako ya ile darsa, nikamwambia hapana. Umeniokolea mtoto."

Sikuwa na la kujibu. Nilitikisa kichwa, nikamuaga, nikaenda nyumbani. Usiku ule usingizi haukuja upesi, kwa sababu niliyakumbuka maneno niliyoyasema kwenye darsa ile, na nilikumbuka pia kwamba wakati ninayasema nilikuwa nayajua mengine ambayo niliyanyamazia. Makala hii ni ya kuyasema hayo mengine. Basi nitaanza na safari yenyewe.

Mwezi wa sita mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa, nilifuatana na kaka yangu kwenda Istanbul. Kaka ni mfanyabiashara wa nguo Kariakoo, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akienda Uturuki kuchukua mzigo. Safari ile alitaka mtu wa kumsaidia kuhesabu na kufunga, nami nilitaka kuuona mji ambao nimeufundisha darasani miaka yote bila kuukanyaga. Katika somo la Maarifa ya Uislamu na lile la historia huwezi kuukwepa mji huu: Sultani Muhammad wa Pili, akiwa kijana wa miaka 21, aliuingia tarehe 29 Mei 1453, na ukhalifa uliokuwa na makao yake pale ulifutwa tarehe 3 Machi 1924. Kati ya tarehe hizo mbili nilikuwa nimejijengea kichwani mji wangu mwenyewe, wenye minara mingi na watu wote wamevaa vilemba.

Tulitua siku ya Jumapili. Uwanja wa ndege uko mbali na mji, upande wa kaskazini karibu na Bahari Nyeusi, na basi lilitushusha Aksaray, hatua chache kutoka mtaa wa Laleli ambao wafanyabiashara wetu wengi wanaujua kuliko mitaa ya Dodoma. Nilichokiona kwanza ni vilima. Mtu wa pwani hategemei mji wa bahari uwe na vilima vile, ukipanda kichochoro unahema, ukifika juu unaona maji mbele yako na ng'ambo yake mji mwingine, na kaka anakwambia huo si mji mwingine, ni huu huu, ila kule ni bara la Asia na hapa uliposimama ni Ulaya. Nilichokiona cha pili ni paka. Paka juu ya viti vya mikahawa, paka kwenye vizingiti vya maduka, paka amelala ndani ya msikiti karibu na safu ya mbele na hakuna anayemfukuza. Na cha tatu, kilichonisumbua mwili kabisa, ni jua.

Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa ikweta saa zetu zimefungwa na jua. Tukisema saa kumi na mbili jioni tunajua adhana ya Magharibi iko njiani, iwe Januari au Julai. Pale Istanbul mwezi wa sita nilitazama saa, ikaonyesha saa moja ya usiku, jua liko juu kama alasiri. Ikafika saa mbili, bado mchana. Magharibi iliadhiniwa karibu saa tatu kasorobo, na Isha ilikuja saa nne imepita sana. Kisha jua likachomoza saa kumi na moja na nusu. Nilijiona kama mtu aliyepokonywa saa yake ya mkononi akapewa ya mtu mwingine. Nalitaja hili hapa kwa sababu litarudi.

Jioni ile tulitembea. Maduka ya jumla ya Laleli Jumapili mengi yamefungwa, mitaa ilikuwa na upepo na makaratasi. Tukateremka kuelekea Sultanahmet, na huko ndiko macho yangu yalikoanza kukusanya mashitaka. Niliona wasichana vichwa wazi, mikono wazi, wamekaa kwenye majani mbele ya msikiti ule wenye minara sita. Niliona kijana amemkumbatia msichana mbele ya watu na hakuna aliyegeuka. Niliona duka la pombe, na kutoka mlangoni mwake mnara wa msikiti unaonekana. Niliona foleni ndefu mbele ya Ayasofya, na ndani yake watalii wenye kaptura. Nilikuwa nikijua kuwa lile jengo lilikuwa kanisa tangu mwaka 537, likawa msikiti 1453, likafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na Julai 2020 likarudishwa kuwa msikiti. Lakini sikujua kwamba tangu Januari 2024 watalii wa kigeni wanalipishwa kupanda ghorofani, na anayekuja kusali ana mlango wake na haulizwi senti. Nilisimama kwenye foleni isiyo yangu, nikaona tangazo la malipo kwa yuro, nikakasirika, nikaondoka. Nilimwambia kaka kwamba hawa wameugeuza msikiti kuwa duka. Kaka alinitazama tu. Yeye si mtu wa maneno.

Alfajiri ya Jumatatu nilikwenda kusali katika msikiti wa Laleli. Ni msikiti wa miaka ya 1760, wa Sultani Mustafa wa Tatu, na umejengwa juu ya maduka. Chini biashara, juu ibada, kodi ya chini iliilisha ya juu kwa njia ya wakfu. Nikaingia. Nilihesabu watu kumi na mmoja, mimi nikiwa wa kumi na mmoja, wengi wao wazee. Imamu akasoma Fatiha kwa sauti nzuri sana, alipomaliza nikasema "Amiin" kama tunavyosema kwetu, mpaka dari liitike. Dari halikuitika. Sauti ilikuwa yangu peke yangu. Mzee wa kulia kwangu alijigusa kidogo. Rakaa ya pili, imamu alipoinuka kutoka rukuu, mikono yangu ilikwisha panda kwa ajili ya kunuti, na yeye akaenda zake sijda. Hakuna kunuti. Nilibaki nimesimama na mikono hewani kama mtu anayezuia gari.

Nilipotoka nje nilikuwa na hukumu kamili mkononi. Mji wa watu zaidi ya milioni kumi na tano, alfajiri watu kumi na mmoja, hawaitikii Amiin, hawasomi kunuti, wanawake hawajistiri, msikiti wanauuza kwa tiketi. Na haya ndiyo, ndugu msomaji, niliyowaambia watu katika darsa baada ya Magharibi wiki moja baada ya kurudi. Nilisema, Allah anisamehe, kwamba kule dini imebaki kwenye mawe.

Hebu tuiache Istanbul kidogo. Wapo waliopata kuingia miji ya ugenini kabla yetu na wakaandika, na mkubwa wao kwetu sisi ni Ibn Battuta. Aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21. Katika kitabu chake anasimulia alivyoingia Tunis na msafara: watu wa mji wakatoka kuwapokea jamaa zao, kila mmoja akisalimiwa na wake, na yeye hakusalimiwa na mtu kwa kuwa hakuna aliyemjua. Akalia. Mmoja wa mahujaji akaiona hali yake, akamwendea, akamsalimia na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Tazama mambo yalivyo. Tunis ilikuwa mji mkubwa wa wanazuoni, lakini ukurasa wa kwanza aliotuachia kuhusu kuingia kwake ni wa machozi. Kosa halikuwa la Tunis. Alikuwa kijana mgeni, mpweke, mwenye safari mwilini.

Mwaka 1331 hivi alifika pwani yetu. Mogadishu aliona vijana wakija na mashua hadi kwenye merikebu, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Akaona pia kuwa watu wa pale wanakula sana na ni wanene, na hilo hakulinyamazia. Mombasa alilala usiku mmoja. Akaandika kuwa ni watu wa dini, wa madhehebu ya Shafii, na kwamba kwenye milango ya misikiti kuna visima, mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Kilwa akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na sultani wake, Hasan, akamtaja kwa ukarimu. Sisi walimu tumeisoma kurasa hizo kwa wanafunzi wetu miaka na miaka, tunasema: mnaona, shahidi wa wakati ule ameshuhudia. Sijawahi kumsikia mwalimu yeyote, nikiwemo mimi, akiuliza ushahidi wa usiku mmoja wa Mombasa una uzito gani. Unatusifu, tukaupokea.

Na miaka michache baadaye mtu huyo huyo aliingia katika mji huu huu ninaouzungumzia, wakati huo ukiitwa Konstantinopoli na ukiwa makao ya mfalme wa Warumi wa mashariki. Alifuatana na msafara wa mke wa Uzbek Khan, binti wa mfalme yule, aliyekuwa anakwenda kwao. Langoni walinzi walipiga kelele za kuwatambulisha kuwa ni Waislamu. Kengele za makanisa zikamshitua kwa wingi wake. Aliliona kanisa la Ayasofya kwa nje tu, hakuingia, kwa sababu aliyetaka kuingia alitakiwa ausujudie msalaba. Aliona masoko mapana yenye sakafu ya mawe, na wauzaji wengi ni wanawake. Upande wa Galata alisema masoko yake ni machafu. Lakini alikaa mwezi mmoja na siku sita, akaomba apewe mtu wa kumtembeza, akapewa farasi na mwavuli, na alikuwa akiuliza. Mtu wa dini nyingine kabisa, katika mji wa dini nyingine, aliuliza zaidi kuliko nilivyouliza mimi miongoni mwa Waislamu wenzangu. Na kitabu chake alikitoa kwa imla baada ya kurudi kwao, kikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini tangu aone aliyoyaona Kilwa na Konstantinopoli. Kilichobaki akilini mwa mtu baada ya muda wote huo ni kile kilichomchoma siku ya kwanza.

Mimi kilinichoma ile Amiin.

Sasa nirudi. Siku ya Jumatatu na Jumanne tulishinda madukani. Jumatano alfajiri nikarudi msikitini, nikasema Amiin tena, kwa sauti ndogo safari hii. Tulipotoa salamu na kumaliza nyiradi, ambazo pale huongozwa na muadhini, kijana mmoja aliyekuwa safu ya nyuma alinisogelea akaniuliza neno moja: "Shafii?" Nikasema, "Shafii!" Akacheka, akanikumbatia kama ndugu aliyepotea. Alikuwa Mkurdi kutoka kusini-mashariki mwa Uturuki, amesoma katika madrasa za huko kijijini kwao, Kiarabu chake cha vitabu kama changu, tukaelewana. Anafanya kazi ya kufunga mizigo hapo Laleli.

Akaniambia Wakurdi wengi ni Mashafii kama sisi, na kwao kunuti ya alfajiri inasomwa. Ila Waturuki ni Mahanafi, na kwa Hanafi maamuma huitikia Amiin kwa siri, na alfajiri hakuna kunuti. Kunuti yao iko katika witri. Niliona haya. Hayo nilikuwa nayajua! Nimeyafundisha, yamo katika daftari zangu za chuo kikuu, katika mlango wa hitilafu za maimamu. Hata hukumu yake kwa mfuasi ninaijua: Mshafii akisali nyuma ya Hanafi, akiweza kusoma kunuti kwa haraka akamdiriki imamu kwenye sijda, asome, asipoweza, aache na sala yake iko salama. Elimu ilikuwa daftarini, na macho yalikuwa Laleli, havikukutana.

Nikamuuliza kuhusu wale watu kumi na mmoja. Akashangaa swali langu. "Hapa nani anaishi?" akaniuliza. Laleli ni mtaa wa maduka ya jumla na hoteli. Usiku wanaolala ni wageni. Wazee wale kumi ni walinzi na wenye maduka wachache. Kisha Isha inaadhiniwa karibu saa tano za usiku, na jua linatoka saa kumi na moja na nusu. Mtu wa kazi analala saa ngapi? Akaniambia kama nataka kuona watu niende Eyüp siku ya Ijumaa. Ni sawa na Mturuki aje Dar es Salaam, aingie alfajiri ya sikukuu kwenye msikiti ulio katikati ya maduka ya Kariakoo yaliyofungwa, ahesabu watu, arudi kwao atangaze idadi ya Waislamu wa Tanzania.

Siku hiyo hiyo lilitokea jambo jingine. Nyuma ya msikiti mmoja kuna makaburi ya zamani, mawe yake yamechongwa maandishi ya Kiarabu. Mhudumu wa hoteli yetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akinipeleka dukani, nikasimama nikaanza kusoma jiwe moja kwa sauti. Nilisoma herufi, maana sikuielewa, kwa sababu ni Kituruki cha zamani kwa herufi za Kiarabu. Yeye herufi haziwezi, kwani Uturuki ilibadili maandishi kuwa ya Kilatini mwaka 1928, lakini sauti ilipotoka mdomoni mwangu aliielewa. Nikisoma mimi, akitafsiri yeye. "Merhum" nikaijua mwenyewe, ndiyo marehemu wetu. Mwishoni nikasoma sauti zinazomaanisha "kwa roho yake, Fatiha", kijana akanyamaza, akainua mikono, tukasoma Fatiha wote wawili kwa mtu aliyekufa zamani ambaye mjukuu wake hawezi kulisoma jina lake. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua zile zimo sandukuni mpaka leo na katika ukoo wetu tunaoweza kuzisoma hatuzidi watatu. Kabla ya hapo nilikuwa nimesema Waturuki wamekata mizizi yao. Kutoka mwaka 1932 mpaka 1950 hata adhana ilitakiwa iadhiniwe kwa Kituruki, na wazee wao waliipigania mpaka ikarudi kama tunavyoijua. Watu waliolikosa jambo kwa miaka 18 wana habari nalo ambayo sisi hatuna.

Ijumaa nilikwenda Eyüp, kwa tramu inayofuata ukingo wa ghuba yao. Pale ndipo lilipo kaburi linalonasibishwa na sahaba Abu Ayyub al-Ansari (r.a). Wasomaji wa safu hii wanamjua: Mtume (s.a.w) alipohamia Madina na kila mtu akitaka kumpokea, ngamia wake alipiga magoti karibu na nyumba ya Abu Ayyub, naye akamkaribisha nyumbani kwake mpaka msikiti na vyumba vyake vilipojengwa. Mwenyeji wa Mtume (s.a.w). Na mtu huyu akiwa mzee sana alitoka na jeshi wakati wa Muawiya, akafia mbele ya kuta za mji huu, akazikwa ugenini. Aliyempokea mgeni mtukufu kuliko wote alimaliza umri wake akiwa mgeni.

Sikupata nafasi ndani. Uani ulikuwa umejaa, watu wamefurika nje, nami nilisali juu ya boksi lililokunjuliwa ambalo mzee mmoja alinigawia nusu yake. Hotuba ilikuwa fupi, kwa Kituruki. Hotuba za Ijumaa huandaliwa na idara ya serikali inayosimamia mambo ya dini na kusambazwa kwa maimamu. Hilo sikulipenda na mpaka leo silipendi. Wanawake walikuwa wengi, wenye hijabu na wenye mtandio uliotupwa kichwani haraka kwa ajili ya kuingia tu. Kulikuwa na watoto wa kiume waliovishwa majoho meupe kama wafalme, wameletwa kuombewa dua kabla ya kutahiriwa. Nilisimama pale nikajiambia: haya sasa, hesabu.

Baada ya sala nikaingia kwenye kibanda cha chai. Chai yao ni nyeusi, huletwa kwenye bilauri ndogo yenye kiuno. Nilipotaka kulipa, mwenye kibanda akaweka mkono kifuani akasema "misafir". Nikadhani ananiuliza kama mimi ni msafiri, nikakubali kwa kichwa na kuendelea kumpa hela. Akakataa tena, "misafir, misafir". Baadaye kijana wa hotelini alinieleza kwamba kwa Kituruki neno hilo maana yake ni mgeni, yule wa kukaribishwa nyumbani. Neno ni moja, limetoka Kiarabu likaingia kwetu na kwao. Sisi tukalipa maana ya mtu aliye njiani, wao wakalipa maana ya mtu aliyefika mlangoni.

Hapo msomaji ataniuliza swali ambalo nimejiuliza mwenyewe. Kama ulikuwa umeyaona ya Jumatano na ya Ijumaa, kwa nini ulirudi Tanga ukasema ya Jumatatu?

Jibu lake halinipendezi. Niliporudi watu walitaka habari, na habari ya siku ya kwanza ilikuwa tamu. Ina kichwa na mkia. Unasema "watu kumi na mmoja" na msikiti mzima unavuta pumzi. Ile ya Jumatano ni ndefu, ina Wakurdi, ina hitilafu za maimamu, ina saa za jua, na inanionyesha mimi kuwa mjinga. Tena ile ya kwanza ilitufanya sote tuliokaa pale tujione bora: sisi maskini wa Tanga tunaosoma kunuti. Nilijua ninachokifanya? Nusu nilijua.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah (s.w) ametukataza kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo, na akatutajia kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Nimeifundisha aya hii mara nyingi kwa wanafunzi kuhusu uvumi wa mitaani na maneno ya simu. Sikuwahi kufikiri kuwa inamhusu mtu aliyeona kwa macho yake mwenyewe. Lakini macho yametajwa humo. Mtu anaweza kuona sawasawa na bado asiwe na elimu ya alichokiona.

Na imepokewa kwamba mtu mmoja alitoa ushahidi wa wema wa mwenzake mbele ya Umar bin Khattab (r.a). Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake, kama amewahi kusafiri naye, kama amewahi kufanya naye biashara ya fedha. Kila swali jibu likawa hapana. Umar akasema pengine umemwona tu msikitini akiinuka na kuinama, wewe humjui. Umar hakuridhika na ushahidi wa wema kwa mtu aliyeonekana msikitini. Mimi nilitoa ushahidi wa ubaya kwa watu ambao sikuwaona msikitini, mtaa ambao hawaishi, alfajiri ambayo sikujua saa zake.

Kwa kipimo cha Umar, shahidi wa kweli katika safari ile alikuwa kaka yangu, na hakuna aliyemuuliza. Kaka anamjua Mturuki mmoja kwa miaka kumi na moja ya fedha. Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya Korona na mzigo wake ukakwama, mtu yule alimwongezea nguo za mali kauli, bila karatasi, akamwambia utalipa njia zikifunguka. Kaka alilipa mwaka uliofuata. Na kaka huyo huyo anamjua Mturuki mwingine aliyemfungia jeans mbovu ndani ya marobota, za juu nzuri, za chini zimetoboka. Anawasimulia wote wawili kwa sauti ile ile. Nilipomuuliza basi Waturuki ni watu wa namna gani, alisema, "Mdogo wangu, mimi nawajua watu kama thelathini."

Jambo moja la fiqhi, kwa kuwa limeulizwa. Je, nilikuwa nikipunguza sala? Hapana. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya msafiri imemwondokea tangu anapofika, naye husali kamili. Kwa Hanafi ni siku kumi na tano. Mimi niliingia Jumapili nikatoka Jumamosi, siku kamili ni tano, nikasali kamili. Kaka ananitania kuwa nilikuwa mkazi katika sala na mgeni katika kila kitu kingine.

Asije mtu akanielewa kwamba nayafuta niliyoyaona. Pombe inauzwa, nimeiona. Vichwa wazi ni wengi, na wapo vijana pale ambao dini kwao ni jina la kwenye kitambulisho. Kijana yule Mkurdi mwenyewe aliniambia hivyo kwa uchungu. Mzazi anayempeleka binti yake huko ana haki ya kuogopa, kama anavyoogopa anayempeleka Dar es Salaam. Ila aogope yaliyopo, asiogope ya darsa yangu.

Nilikwenda kwa yule mzee siku ya tatu, baada ya Alasiri, nikamkuta barazani. Nikamweleza yote, kuanzia Amiin mpaka boksi la Eyüp. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Ulikaa siku ngapi?" Nikasema sita, saba ukihesabu ya kuondoka. Akanyamaza kwa muda mrefu, akatazama mlangoni ambako binti alikuwa akianika nguo. Maombi ya mwaka huu yalikuwa yamekwisha fungwa. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya Magharibi, mahali pale pale niliposimama mwanzo, nikasema mbele ya watu kuwa nilikosea na wapi nilikosea. Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Habari hii haikuwa tamu kama ile.

Binti anafanya mtihani wake wa kidato cha sita mwezi wa tano. Baba yake hajasema ndiyo. Amesema fomu zikifunguliwa tena mwakani niende na mimi tukae pamoja, yeye, mimi na binti, na nimlete kaka yangu.